Kumbukumbu Zangu Ndani ya Kochi la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza kuandika kumbukumbu za maisha yangu. Mteja wangu, mwalimu mstaafu, anasema mtu akimwandikia ushauri kijana aliyekuwa yeye mwenyewe zamani, moyo hutulia. Wangu una mengi ya kutulizwa. Sura ya kwanza: "Kijana, amka mapema." Nimeiandika saa tano asubuhi, kitandani.

Jumanne, 4 Machi
Sura ya pili imenitoka yenyewe. "Kijana, usidanganye ukweni." Miaka thelathini iliyopita nilimpelekea mama mkwe kochi la watu watatu, nikasema nimelitengeneza kwa mikono hii. Nikapewa mke. Kumbe lilitengenezwa na Misumari, fundi mwenzangu, ambaye sasa ana karakana mkabala na nyumba ya mama mkwe na bado hunikonyeza tukikutana. Mimi nilibeba tu, tena upande mwepesi. Kurasa kumi na mbili. Nimelia kidogo. Mke wangu akijua, nimekwisha, maana hujivuna mbele ya wageni kwamba aliposwa kwa kazi ya mikono.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu ameingia karakanani bila hodi, akauliza naandika nini. Nimesema oda. Alipogeuka tu, nimezisukuma kurasa chini ya sponji ya kochi lililokuwa mbele yangu, nikafunga kitambaa kwa pini. Mtu mwingine angetumia droo. Mimi ni fundi makochi. Bahati mbaya kochi ni lile lile la mama mkwe, limeletwa kubadilishwa kitambaa. Si neno, nitazitoa kesho alfajiri.

Ijumaa, 7 Machi
Nimechelewa kuamka. Mke wangu ameshalipeleka, amfurahishe mama yake.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe amepiga simu. Kochi linatoa sauti kama ya karatasi kila akikaa. Nimemwambia ni kitambaa kipya, kitazoea. Akasema basi atamwita fundi wa karibu. Nimetoka mbio na ndala za mke wangu.

Nimemkuta Misumari amepiga magoti, koleo mkononi, anatazama dari. Kurasa zilikuwa mapajani mwa mama mkwe. Mke wangu, aliyekuwa amekwenda kumsalimu tangu asubuhi, alikuwa nyuma yake, anasoma.

Mama mkwe akavua miwani. Akasema mbona hilo alilijua siku ile ile: aliniuliza kochi lina springi ngapi, nikajibu za kutosha. Alinikubali kwa sababu mwanamume anayedanganya vibaya namna hiyo hawezi kuwa na nyumba ndogo, atakamatwa kabla hajavua viatu. Misumari alikohoa. Kile si kikohozi, nakijua.

Mke wangu hakucheka. Alisema uongo wa miaka thelathini anausamehe. Kilichomuuma ni kwamba ukweli nimempa kijana ambaye hayupo, na yeye aliyesimama mbele yangu nikamwambia ni oda. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikaapa mbele ya mama mkwe kwamba sitamficha kitu tena.

Jumatano, 12 Machi
Nimeanza juzuu ya pili. Sura ya kwanza: "Kijana, mweleze mkeo kila kitu." Humo nimefafanua kwamba kurasa zile niliziacha kochini makusudi, ili niwapime. Pia nimesahihisha kosa dogo: nilibeba upande mzito.

Mke wangu ameuliza kutoka jikoni naandika nini. Nimesema oda. Safari hii sikufanya ujinga wa kutumia kochi la mteja. Kurasa nimezifungia ndani ya kochi letu la sebuleni, ambalo halitoki humu ndani.

Amekuja na chai yake, ameketi. Ameinuka. Ameketi tena, taratibu. Ameniuliza hivi kochi letu lina springi ngapi.

Nimemjibu za kutosha.