Anwani Mgongoni mwa Mama Mkwe

Jamani, leo nimeaibika kanisani, mchana kweupe, mbele ya mama mkwe. (Mkwe mtarajiwa. Posa tunapeleka Jumamosi, kama bado ipo.)

Nianze na chanzo. Mama Grace ndiye mwenyekiti wa kwaya ya akina mama hapa kwetu Igoma. Mimi ndiye niliyewatengenezea tovuti, picha zao na nyimbo zao humo, kwa kampuni fulani ya nje iliyokuwa inahifadhi tovuti bure. Hakuna aliyeniomba. Nilitaka tu Mama Grace aone kuwa binti yake kapata mtu wa maana. Siku ya kumwonyesha aliniuliza, "Baba, hii itatugharimu nini?" Nikajibu kifua mbele, "Hakuna kitu, mama. Ni bure milele."

Akafurahi mno. Walipokuwa wanashona sare mpya za kitenge, akaagiza anwani ya tovuti idariziwe mgongoni. Kwa uzi wa dhahabu! Magauni ishirini na manne. Mimi nikaongeza la kwangu: nikamshauri mwalimu wa kwaya aweke hatua ya kugeuka katikati ya wimbo, ili watu wasome vizuri. (Kiherehere changu.)

Miezi ikapita. Kisha zikaanza kuingia barua pepe za ile kampuni: huduma ya bure inafikia mwisho, lipia kabla ya tarehe fulani, la sivyo tunafunga. Nani atapeliwe? Mimi? Nikasema hawa ni matapeli wale wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", sasa wamejifunza Kiingereza. Nikafuta. Ikaja ya pili, nikafuta. Ya tatu nikaipiga picha, nikaiweka kwenye kundi la kwaya na onyo: "Jihadharini na matapeli." Mama Grace akajibu, "Ubarikiwe mwanangu, unatulinda."

Basi leo tulikuwa na wageni. Kwaya na mchungaji wao walivuka na kivuko asubuhi kutoka Kamanga, na sisi wenyeji tulikuwa tumepanga kuwachangia mabati ya kanisa lao. Akina mama wakaingia kuimba. Walipendeza, acheni tu! Katikati ya wimbo wakageuka, anwani ikasomeka mpaka benchi la mwisho.

Wimbo ulipoisha wakiwa bado wametupa mgongo, mchungaji mgeni akainuka na kipaza sauti. "Msigeuke kwanza, akina mama! Simameni hivyo hivyo. Wenye simu, tuandike hiyo anwani, tuwasikilize hawa waimbaji hata tukiwa nyumbani."

Mimi nilikuwa benchi la mbele. Nikatabasamu. Nikaweka na tai sawa.

Akaandika huku akichungulia mgongo wa Mama Grace, aliyekuwa karibu naye. Akasubiri. Akavua miwani, akaivaa tena. "Ni Kiingereza," akasema, "ngoja niwatafsirie. Ukurasa huu umefungwa. Mwenye nao hajalipa."

Sasa, kwetu kuna mkalimani wa Kisukuma kwa ajili ya wazee, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Akayatoa maneno yale kwa Kisukuma, kwa sauti ile ile anayotumia kwenye hukumu ya mwisho, huku akinyoosha kidole kwenye migongo. Wazee wakaguna. Nimeumbuka kwa lugha mbili!

Nikadhani yameisha. Mchungaji, mtu wa huruma, akashika kichwa. "Ndugu zangu wa Kamanga, tulidhani sisi ndio wenye shida. Kumbe wenzetu wanatembea na deni mgongoni! Leteni kikapu." Wageni wakatoa. Watu wasio na bati! Kisha akauliza nani anahusika na tovuti, apite mbele apokee. Akina mama ishirini na wanne wakanigeukia kwa pamoja, bila mwalimu kuhesabu.

Nikapita mbele. Kwa vigelegele.

Wakati wa chakula wanakwaya wote walikuwa wamejitanda kanga mgongoni, na jua lile lilivyokuwa kali. Mama Grace akanipakulia wali kwa mkono wake mwenyewe. (Hapo ndipo nilipoogopa kweli.)

"Mama, naomba unisamehe," nikasema. "Nilidhani ni matapeli."

"Nimekuelewa, baba. Nina swali moja tu."

"Ndiyo, mama."

"Ukisema milele, huwa unamaanisha miezi mingapi?"

Grace alikuwa amesimama pale pale na sahani yake. Hakucheka. Na yeye alikuwa anasubiri jibu.

Nikala wali. Kikapu nimewarudishia wageni kabla hawajapanda kivuko, na tovuti nimeilipia kwa pesa yangu mwenyewe, mwaka mzima. Swali ndilo bado sijalijibu. Kwa hiyo mnaotaka kucheka, chekeni leo mmalize, maana wawili kati yenu ndio washenga wangu Jumamosi, na mjue ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa mlangoni.