Taarifa ya Mwaka Kuhusu Basi la Mashabiki wa Turffontein

Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye amepata udhuru. Mheshimiwa Katibu Mwenezi na fundi wetu wa jezi, Bwana Évariste. Mheshimiwa Mlezi wa Kinamama, Bi Zabibu, ambaye spaza yake, lile duka lake dogo la Diepsloot, imefungwa leo kwa heshima ya mkutano huu. Mzee Bakiri, mwanachama namba mbili baada yangu. Mwenye ukumbi, Mama Murielle, aliyetukarimu katika saluni yake na kutukalisha kwenye viti vyake vya kusukia. Wawakilishi wa Kongo, Tanzania, Burundi na yule ndugu yetu mmoja wa Kenya. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mtu anaomba feni iwashwe.)

Mimi, Pandu Seif, Mwenyekiti Mwanzilishi, Mwenyekiti wa Sasa na, panapo majaliwa, Mwenyekiti Mtarajiwa wa Umoja wa Mashabiki Waswahili wa Kandanda, Kanda ya Kusini mwa Johannesburg, nasimama mbele yenu alasiri hii ya tarehe mosi Januari, fataki za jana bado zikinuka barabarani, ili kuwasilisha, kwa mapana na marefu yake, tathmini ya mwaka uliokwisha, na kwa ruhusa yenu nitachomeka humo tafakuri zangu binafsi kama shabiki, kwa kuwa kiongozi naye ana moyo. (Makofi ya wastani. Bi Zabibu: “Endelea tu, Mwenyekiti, pilau inapoa.”)

Kama stekiholda wote mnavyofahamu, mradi wetu wa kimkakati ulikuwa ni Basi la Mashabiki, ambalo kwa mujibu wa rodimapu niliyoitangaza kwenye grupu la WhatsApp lingewachukua wanachama kutoka geti la uwanja wa farasi hapa Turffontein na kuwafikisha uwanjani Soweto kila timu ya nyumbani, iwe ya Dar, ya Lubumbashi au ya Bujumbura, ijapo kucheza huku. Timu hizo zilikuja mara nne, na mara zote nne basi lilitangazwa. Mafanikio, ndugu wajumbe, yanajieleza yenyewe: ajali sifuri, faini sifuri, tairi lililopasuka sifuri, na moshi uliotolewa angani ni sifuri vilevile, kiwango ambacho hata nchi zilizoendelea zinakitafuta kwa warsha na semina, wakati huohuo kuridhika kwa abiria kumefikia asilimia mia moja na nne, kwa sababu wapo walioridhika mara mbili. (Makofi mazito. Bwana Évariste anasimama, anainama, anakaa.)

Nanukuu ushuhuda wa abiria wenyewe kutoka kwenye grupu. Baada ya safari ya kwanza, Katibu Mwenezi aliandika kwamba basi lilikuwa moto, watu wameimba mpaka sauti zimekauka, na akasifu mapazia ya kijani. Mzee Bakiri akathibitisha mapazia, akaongeza kuwa yeye alikaa dirishani. Safari ya pili, Bi Zabibu akatujulisha kuhusu friji ndogo nyuma ya dereva. Kufikia safari ya nne basi lilikuwa na ghorofa, na ndugu yetu wa Kenya akalalamika kwamba huko juu kulikuwa na baridi, lalamiko ambalo ofisi yangu ililipokea na kulifanyia kazi. (Vicheko. Ndugu wa Kenya anaangalia simu yake.)

Sasa niingie kwenye tafakuri binafsi. Mnajua kwamba mimi ni afisa mwandamizi wa usalama katika jengo moja la ofisi kule Marshalltown, yaani ninalinda geti, na Jumamosi ndiyo zamu yangu ndefu. Mimi naangalia mpira kwenye simu, ndani ya kibanda. Kwa takwimu za daftari langu, mwaka jana magoli kumi na moja yalifungwa nikiwa nimeinua kizuizi cha geti kupitisha gari, na mengine matatu nikimweleza mtu kwamba choo cha wageni kiko upande wa pili. Bao moja tu la timu yangu nililiona likiingia, na hilo likakataliwa. Miaka tisa niko mji huu, kutoka kibandani kwangu mpaka uwanjani si mbali, na sijawahi kukaa jukwaani nikasikia kelele za watu zikinipita mwilini. Jambo hili linaniuma, na nalisema mbele yenu bila kulizungusha. (Mzee Bakiri: “Pole, Mwenyekiti. Lakini si ulikuwa siti ya mbele, na dereva?”)

Nitalifafanua hilo kwa wakati wake. Ajenda ya mwisho ni nidhamu. Mezani ipo hoja ya Katibu Mwenezi kwamba Mama Murielle aondolewe kwenye orodha ya abiria, na nafasi yake katika safari ya Februari, ambapo itacheza timu ya kwao Lubumbashi, apewe mtu mwingine, kwa sababu mwaka mzima amekuwa akichelewa basi. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba mara ya kwanza alifika getini saa saba mchana, hakukuta basi, akauliza kwenye grupu, na wajumbe kadhaa wakamjibu kuwa limeshaondoka. Mara ya pili akafika saa tano, akajibiwa hivyohivyo. Mara ya tatu saa tatu asubuhi. Mara ya nne saa mbili, mvua inanyesha, saluni ameifunga Jumamosi nzima, amevaa jezi aliyoshonewa na Bwana Évariste mwenyewe, na bado wajumbe wakamwandikia kwamba kwa kweli ajirekebishe. Mama Murielle, una haki ya kujitetea. (Mama Murielle anasimama, kitana mkononi. “Président, mi sina maneno mingi. Munisamehe. Hii mwaka nitafika pale saa kumi na moja ya asubuhi, nitabeba na kiti yangu. Ile siti musiitoe kwa mutu. Nataka nione timu ya kwetu mara moja tu, na macho yangu.” Anakaa.)

Ndugu wajumbe. (Anakunywa maji.) Hotuba yangu ilikuwa na kurasa mbili zaidi, kuhusu kapasiti bildingi. Naziweka pembeni.

Kwa mujibu wa taarifa zilizoifikia ofisi yangu, ambazo ofisi yangu ilikuwa nazo tangu mwanzo, Basi la Mashabiki, kwa maana ya chombo chenye injini, magurudumu na dereva, halikuwahi kuvuka hatua ya upembuzi yakinifu kuingia hatua ya kuwako. Jumamosi ile ya kwanza nilikusudia kulitafuta, nikanyimwa ruhusa kazini, sikulitafuta. Jumapili nikaishika simu niombe radhi, nikakuta Katibu Mwenezi ameshasifu mapazia. Nikajiuliza, huenda lilikuja basi jingine. Nikasoma ya Mzee Bakiri, nikaanza kulionea wivu basi lenyewe, nikasikitika kwamba nimelikosa. Ndipo nikaelewa kwamba Bwana Évariste alikuwa kwenye cherehani siku ile, Bi Zabibu alikuwa spaza, Mzee Bakiri alikuwa akilinda geti lake kama mimi langu, na kila mmoja aliamini wenzake wamekwenda, akaona aibu kuwa ndiye peke yake aliyebaki kazini. Nami mwenyewe, kwenye safari ya tatu, niliandika kuhusu siti ya mbele. (Bwana Évariste anachunguza viatu vyake. Feni inasikika.)

Kwa hiyo naihoji hadhara hii kwa mujibu wa katiba: yeyote aliyewahi kukalia siti ya basi hilo, awe dirishani, awe ghorofani kwenye baridi, anyooshe mkono aiunge mkono hoja ya Katibu. (Hakuna mkono.) Hoja imeanguka. Iandikwe pia kwamba Februari nimeomba ruhusa kazini na nimepewa kwa maandishi, na kwamba Mama Murielle nami tutapanda taksi ya kawaida ya abiria, saa sita, kwenye robot, zile taa za barabarani za pale kona, na yeyote atakayepata ruhusa na aje. (Bi Zabibu, taratibu: “Nitafunga spaza.”)

Umoja wa Mashabiki, hoyee. (“Hoyee,” kwa sauti ndogo.) Usafiri bora, hoyee. (Hakuna anayeitika.) Sawa.

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru nyote kwa kupanda nami, kwa uaminifu mkubwa na kwa mwaka mzima, basi ambalo halikuwahi kuwako. Na nakushukuru wewe, Mama Murielle, abiria wetu pekee tuliyekuacha kwenye mvua, kisha tukakuandikia kwamba makosa ni yako. Mama, hukuchelewa. Hata mara moja hukuchelewa.