Kigari Kisicho na Kundi

Siku Dalmas Sifuna alipokiona kile kigari, alikuwa Lavington akisaka televisheni. Yake mwenyewe hakuwa nayo. Alijifanya mkaguzi wa serikali, akisaka za matajiri wasiozikatia leseni, awatishe kidogo, nao wampoze kwa noti. Nani alimwajiri? Hakuna. Kazi alijipa mwenyewe na akaifanya kwa bidii, tofauti na wakubwa wetu, ambao hupewa kazi wakaenda kulala.

Alivaa Kaunda suti ya kijivu, na mfukoni alikuwa na muhuri uliochongwa River Road kutoka kwa soli ya malapa. Lakini mtaji wake hasa ulikuwa viatu. Vya ngozi nyeusi, vikimeta kama dirisha la benki. Mwaka ule wa themanini na tisa, mlinzi wa geti Nairobi hakuangalia uso wa mtu. Aliangalia viatu, akajua kama ni wa kupigiwa saluti au wa kufunguliwa mbwa.

Basi akiwa njiani, akaona bibi mzee wa Kisikh anarudi nyumbani, shali ya samawati kichwani, amekaa juu ya kitu mfano wa kiti, magurudumu matatu, kikapu cha dania mbele. Kitu chenyewe hakikunguruma wala kutoa moshi. Kilikuja kimyakimya, kama kodi mpya.

Dalmas akasahau televisheni papo hapo.

"Simama hapo, mama!" Akainua mkono. "Hii kitu iko kundi gani?"

"Kundi?" Mama Gurmeet akasimama mbele ya geti lake. "Hii si ng'ombe, bwana. Hii iko miguu yangu. Kijana yangu alituma kutoka Uingereza."

Hakusema uongo. Magoti yalikuwa yamemfungia sebuleni miaka miwili mizima, akihesabu nzi. Tangu kigari kije, kila asubuhi alishuka sokoni kugombana na wauza nyanya, na ugomvi huo ulimpa afya kuliko daktari yeyote.

"Sheria ya usalama barabarani haijui miguu," akasema Dalmas. "Inajua gari, pikipiki, trekta, baiskeli na mkokoteni. Hii ni gani?"

"Andika gari."

"Gari lazima iwe na namba na bima. Na wewe, leseni ya kuendesha uko nayo?"

"Basi andika pikipiki."

"Pikipiki ina kelele. Kelele ya hii iko wapi?"

"Mkokoteni?"

"Mkokoteni unavutwa na mtu. Hii inavutwa na nani?"

"Na betri. Jioni nachomeka kwa ukuta, kama pasi."

"Ahaa! Kumbe ni pasi!" Dalmas akatikisa kichwa kwa majonzi ya kiserikali. "Mama, umewahi kuona pasi ikivuka barabara?"

Tumpe haki yake: hapo hakudanganya. Katika maofisi yote ya mjini hapakuwa na aliyekifikiria kigari kama kile. Waliolipwa kufikiria magurudumu walikuwa wamekalia magurudumu yao, tuliyowanunulia sisi.

Dalmas akangoja aulizwe kama anakunywa chai, ile isiyo na majani. Mama hakuuliza. Basi tamaa ikapanda daraja. Alimjua tajiri mmoja wa Kitisuru aliyewanunulia wajukuu wake chochote, mradi jirani hana.

"Kitu isiyo na kundi haikai barabarani," akatangaza. "Naipeleka ikaguliwe."

"Itarudi lini?"

"Serikali ikishaamua."

"Mimi niko na miaka sabini na moja," akasema mama polepole. "Serikali ikiamua, mimi nitakuwa wapi?"

Dalmas akatazama juu, kama ambaye swali hilo limeelekezwa kwa Mungu. Mama yeye akatazama chini, kwenye mshale wa betri, ambao kwa safari ya asubuhi ile ulikuwa umelala upande mwekundu. Kisha akautazama mteremko wa barabara, mpaka kule bondeni. Sauti yake ikalainika ghafla.

"Sawa, bwana mkubwa. Lakini andika kundi kwa nyuma, mwizi asichukue. Mimi iko mgonjwa. Andika kiti ya mgonjwa."

Dalmas nusura ambusu. Mlinzi, jina lake Oloo, akaleta rangi nyeupe iliyobaki wakati wa kupaka geti, na mkaguzi akaandika kwa herufi kubwa za kutosha kusomwa na kipofu: KITI CHA MGONJWA. MZIMA HARUHUSIWI.

"Na mzima akipanda?" akauliza mama, akisaidiwa kushuka.

"Kifungo, mama! Miaka miwili, bila faini."

"Oloo, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Dalmas akapanda, akateremka Lavington kama waziri, akiwapungia mkono watunza bustani. Alidhani betri inamvuta. Kumbe ni mteremko. Tambarare ilipoanza, kigari kikakohoa mara moja na kunyamaza, mbele kabisa ya kibanda cha polisi.

Koplo Ephantus akatoka na kikombe mkononi. Kigari kile alikijua. Kila asubuhi kilimpita na salamu. Akakizunguka taratibu, akasoma mgongoni.

"Sasa, mzee. Wewe ndiye mgonjwa?"

Dalmas akapiga hesabu ya haraka: kifungo au ugonjwa.

"Miguu, afande. Imekufa."

"Yote miwili?"

"Tangu utotoni."

Koplo akainama, akainua kiatu kimoja, akageuza. Juu kinameta, chini soli imelika mpaka soksi inachungulia.

"Na hii ililika ukitambaa?"

Kabla jibu halijapatikana, mkokoteni ukafika, ukivutwa na hamali mmoja, Mwendwa, jasho likimtiririka. Juu yake, kwenye gunia, alikaa Mama Gurmeet. Siku hiyo mkokoteni ndicho chombo pekee kilichokuwa ndani ya kundi lake.

"Mama, nimfungulie kesi?" akauliza Koplo.

"Kesi hapana! Kesi itafanya kigari yangu kielelezo, ikae nyuma ya kituo mpaka kuku itage ndani. Huyu iko mgonjwa tu. Mshushe polepole."

Wakamshusha kwenye nyasi kama yai. Mama akavitazama viatu.

"Mtu hatembei, viatu ya nini? Mwendwa, jaribu."

"Vimenitosha kabisa, mama!"

Dalmas akaangalia pingu za Koplo, akaviacha viende.

Mwendwa akapakia kigari juu ya mkokoteni, mama akapanda juu ya kigari, wakageuka kuupanda mlima.

"Sasa hiyo sijui ni kundi gani," akasema Koplo akipiga saluti, "lakini piteni."

Kisha akaenda kupigia simu gari la wagonjwa. "Daktari atakupima," akamwambia Dalmas aliporudi. "Akisema uko mzima, hukumu si umeandika mwenyewe?" Akavuta stuli, akaketi kumtazama.

Siafu wakaanza kupanda. Dalmas hakujikuna, miguu iliyokufa haiwashwi.

Na gari lile la serikali mnalijua. Wapo walioliita wakiwa na mgonjwa, likawakuta na marehemu, na dereva akadai pesa ya mafuta. Dalmas Sifuna alikuwa mtu wa kwanza Nairobi kuomba lichelewe. Na serikali yetu sikivu, kwa mara ya kwanza, ikamtimizia mwananchi ombi lake.