Mkutano wa Robine na Kengele ya Baiskeli

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya barabara nzima, na suti yangu yote nilikuwa nimeivaa.

Kaeni kwanza. Nitaeleza mara moja tu, halafu tusiyarudie mambo haya mpaka nife.

Mnajua barabara yetu hapa cité. Robine, bomba la maji, ni moja, iko juu kabisa, karibu na nyumba ya Kapita Léonard, yule msimamizi wa mafundi wa reli. Wanaokaa chini, upande wa Baba Salumu mshona nguo, wanabeba ndoo mpaka shingo zinaingia mabegani. Sasa ofisi ya cité imekubali kutupa robine ya pili, kwa sharti moja: sisi wenyewe tuelewane mahali pa kuiweka, na jibu lifike kesho asubuhi. Tukishindwa, inakwenda barabara ya jirani. (Na wale jirani mnawajua. Wangeoga mlangoni ili tuwaone.)

Nani aongoze mkutano? Kapita hawezi, anataka robine iwe juu. Baba Salumu hawezi, anataka iwe chini. Wakasema, "Placide aongoze. Yeye hana upande." Kweli, nimepanga chumba katikati ya barabara, sina mke, sina hata ndoo ya maana. Tena nilihudhuria masomo ya jioni pale parokiani, tukafundishwa namna ya kuongoza watu wanaojadiliana: kila mmoja apate zamu, mtu asimkatize mwenzake, walio kimya waulizwe, kiongozi asipendelee. Niliyashika yote kama katekisimu.

Hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Baada ya misa nikavaa suti, nikafunga tai. Nikachukua bisibisi, nikaing'oa kengele ya baiskeli yangu, nikaitia mfukoni. (Ndiyo, ya baiskeli. Mkutano unahitaji kengele. Msianze!)

Watu walijaa mbele ya duka la Baba Salumu. Wanaume kwenye mabenchi, mbele. Wanawake nyuma, juu ya mikeka na ndoo zilizopinduliwa. Mimi sikuona ubaya wowote. Niliona tu kwamba Anastazia yuko kati yao, amefunga kile kitambaa cha bluu.

Anastazia ni yule msichana anayekaa kwa mjomba wake na kujifunza kushona kwa masista. Yeye na mimi... basi, mmeelewa. Tumekubaliana tangu mvua zilipoanza. Baba yake yuko Mitwaba. Nilimpelekea salamu kwa heshima zote, akajibu kwamba atashuka mwenyewe kuniona. Jumamosi ijayo. Narudia: Jumamosi ijayo!

Nikapiga kengele. Nikafungua mkutano.

"Bandugu na bamama," nikasema, "leo hapa hakuna mukubwa na mudogo. Mwenye kutaka kusema, ainue mukono, aombe parole, miye nitamupa."

Ingetosha. Lakini suti ilinikaa vizuri, jamani. Nikaendelea. Nikaeleza maana ya kusikilizana. Nikaeleza maana ya kuamua pamoja. Nikaeleza kwa nini kiongozi hapaswi kusema maneno mengi, na hilo nililieleza kwa maneno mengi sana. Mtoto mmoja alilala, akaamka, akanitazama, akalala tena.

Mwishowe Kapita Léonard akaomba parole.

"Tuyau ya kupitisha mayi iko tayari kule juu," akasema. "Bakiweka robine pale, kazi inaisha mara moja. Njo ile tu."

"Na shiye ba huku chini tutakunywa nini?" Baba Salumu akaruka. "Tutakunywa tuyau?"

Ngriii!

"Baba Salumu, zamu."

"Lakini anasema bongo, hapana kweli!"

Ngriii, ngriii!

Tukaendelea hivyo. Juu, chini. Juu, chini. Nikageukia nyuma, nikawauliza wanawake wana maoni gani. Mama Véronique, yule anayeuza mikate ya mafuta asubuhi, akajibu kwa adabu, "Tunasikia tu, Placide." Nikamshukuru. (Nilimshukuru! Kwa kunyamaza!) Nikarudi kwa mabenchi.

Wakati huo Anastazia akasimama na kunipungia mkono.

Fikirieni hali yangu. Kapita alikuwa katikati ya sentensi. Watu wote wanajua habari yangu na Anastazia. Nikimpa nafasi, watasema ninapendelea. Nikapiga kengele.

"Mademoiselle, zamu yako itafika."

Akakohoa. Akanitolea macho. Akaelekeza midomo kule mwisho wa benchi la nyuma. Ngriii! Akajaribu tena, sasa kwa mikono miwili, kama mtu anayesimamisha treni. Ngriii, ngriii! Akakaa chini, akajifunika uso kwa kitambaa chake. Mimi nikajisifu moyoni: tazama kiongozi, hata mapenzi hayampindishi!

Basi, nikakumbuka ile kanuni ya kuwauliza walio kimya. Nikaangaza macho. Mwisho wa benchi la nyuma alikaa mzee mmoja aliyevaa koti zito, kofia juu ya goti, kibuyu cha asali kati ya miguu, na vumbi jekundu la safari mpaka kwenye nyusi. Tangu tuanze hakuwa amefungua mdomo. Nilifurahi kama mvuvi aliyeona nyavu zinacheza.

"Baba wa koti," nikasema, "weye haujasema kitu."

Akatikisa kichwa. "Endelea, mwanangu."

"Hapana, baba! Sauti yako iko sawa na ya kapita."

"Nitangoya."

"Usiogope, baba. Ukinyamaza, bengine bataamua fasi yako!"

Watu wakapiga makofi. Makofi yakanimaliza. Nikaenda mpaka kwake, nikamshika mkono, nikamsimamisha kwa upole kama mgonjwa, nikawageukia watu nikitabasamu.

Mzee akavaa kofia yake. Akakohoa kidogo.

"Miye hapana muntu wa barabara hii," akasema. "Nimetoka Mitwaba."

Nikamtazama Anastazia; bado alikuwa amejifunika uso. Mzee akaendelea:

"Nilipata nafasi ku kamyo ya mizigo, nikakuya mbele ya siku yenye nilisema. Niko natafuta muntu mumoja, jina yake Placide. Anataka kuoa mutoto wangu. Balinambia, njo ule mwenye anasema pale. Nikaikala, nikangoya amalize." Akatazama jua. "Mpaka sasa niko nangoya."

Jamani, kicheko! Benchi la mbele lilipinduka na watu wake. Kapita Léonard alilia machozi. Kengele ikaniponyoka, ikabingirika chini ikilia yenyewe, na mimi nilikuwa bado nimemshika mkwe wangu mkono kama polisi.

Nilidhani aibu imeishia hapo. Wapi!

Baba Salumu aliokota kengele. Akaifuta vumbi kwa kanzu yake. Ngriii!

"Mugeni wetu ametoka mbali," akasema. "Ni haki asikie. Mwenye kumujua Placide, aombe parole."

"Mkutano ni wa robine!" nikapiga kelele.

Ngriii! "Kiongozi hapana na upande. Anyamaze."

Mikono ikainuka. Mingi! Siku nzima nilikuwa nikiomba mikono, sasa ndiyo ikainuka. Kapita akasema mimi ni mtu mzuri, ila ninapooga ninaimba Kilatini, na mbwa wake anajibu. Baba Salumu akajipa parole mwenyewe, akamjulisha mzee kwamba suti hii ndiyo pekee niliyo nayo, na kwamba kola yake ameigeuza mara mbili. Mkwe wangu akainama akaitazama kola. Nikaifunika kwa mkono.

Halafu kule nyuma, Mama Véronique akainua mkono.

"Wakati bwana yangu alikuwa hospitali," akasema, "nilikuwa na ka bébé mugongoni, na kazi, na kwenda kumuona. Asubuhi nafungua mulango, nakuta ndoo ya mayi imejaa. Kila asubuhi. Nikasema, ni malaika? Siku moja nikaamuka mapema, nikachungulia. Ni huyu Placide, na viatu vyake vya kazi, anakimbia asionekane."

Nikatazama chini. Sikujua kwamba alikuwa ameniona.

"Imejaa, ninasema, lakini kweli ilikuwa nusu. Nusu ingine alimwanga mu barabara. Hajui kubeba mayi hata kidogo!"

Wakacheka tena, lakini sasa kicheko kilikuwa kingine. Mzee wa Mitwaba hakucheka. Alinitazama.

Mama Véronique hakukaa. Sauti yake ilikuwa imepata moto.

"Mwanaume na miguu murefu vile, alikuwa anapumuzika pale ku kichuguu. Anatula ndoo chini, anashika kiuno. Na shiye? Shiye bote tunapumuzika pale. Munasema juu, chini, juu, chini. Nani aliuliza kichuguu?"

"Pale njo katikati," mwanamke mwingine akadakia. "Miye pia natula ndoo pale."

"Na miye!"

"Ku kichuguu hakuna mulango ya muntu. Hakuna mwenye atasema robine ni yake."

Hakuna aliyepiga kengele. Baba Salumu alikuwa ameisahau mkononi. Wanawake walisogea mbele na ndoo zao, wakakaa kati ya mabenchi. Kapita Léonard akasema ofisi haitaleta tuyau mpaka pale bila mtaro, na udongo wa kichuguu ni mgumu kama saruji. Akaulizwa kama wanaume wa barabara hii wana mikono. Akakuna kichwa. Akasema sururu ataleta yeye. Baba Salumu akasema kwa watu wa chini si karibu kama alivyotaka, lakini shingo ya mke wake itapona. Wanaokubali wakaambiwa wasimame. Walisimama hata wale ambao tangu mchana walikuwa hawasemezani.

Mimi nilikuwa pembeni, mikono mitupu, tai imepinda. Mkutano wangu ulikwisha vizuri kabisa. Bila mimi.

"Sasa mambo ya mugeni!" Kapita akasema, naye damu imemchemka. "Benye banakubali Placide aoe, basimame!"

"Munaomba parole," ikasema sauti nyembamba. "Hapana, miye njo naomba."

Anastazia. Alikosea maneno kwa woga, lakini hakuna aliyecheka. Baba Salumu aliificha kengele nyuma ya mgongo.

"Juu ya mayi, mupige kura," akasema. "Juu ya miye, baba yangu aniulize miye."

Mzee akavua kofia. "Ninakuuliza, mwanangu."

Anastazia akanitazama toka viatu mpaka kola.

"Nilikuwa na jibu," akasema. "Nilisimama, nikainua mukono, nikakohoa, alinipigia kengele. Sasa atangoya kidogo. Njo atajua vile inaumiza."

Mama Véronique alipiga vigelegele vilivyosikika mpaka kituo cha reli. Anastazia akanikaribia, akaninyoosha tai mbele ya watu wote, mbele ya baba yake, akaenda zake. (Alichukua muda mrefu kuliko tai ilivyohitaji. Hilo nawaambia ninyi tu.)

Mkwe wangu alinipa kibuyu nikibebe mpaka kwa mjomba wake Anastazia. Tulitembea polepole. Tulipofika karibu na ua akasimama.

"Unasema mingi," akaniambia.

"Ndiyo, baba."

"Lakini wakati bale bamama balisema, haukubakatiza."

"Nilikuwa nimenyang'anywa kengele, baba."

Akafikiri. "Kengele ndiyo. Kinywa ulikuwa nacho." Akachukua kibuyu chake. "Kesho ukuye kula na shiye. Mama yake ameniachia maneno mingi ya kukuuliza, miye sitaweza kuyamaliza leo."

Ndiyo habari yote. Robine tumepata, jibu la ndoa bado, na kesho ninahojiwa upya mbele ya ugali. Nyinyi rafiki zangu, nawaomba msicheke. Anastazia amekwisha kucheka kwa niaba yenu. Nimepita nyuma ya ua wao sasa hivi, bado nimemsikia.