Nilivyosimamisha Meli Nikiwa na Ndoo Mkononi

Chubwi!

Hiyo sauti bado iko masikioni mwangu hadi sasa ninapoandika. Jamani, leo nimejidhalilisha mbele ya meli nzima. Bora mnisikie mimi kabla hamjasimuliwa na wengine.

Lusajo, mtoto wa dada yangu Atupele, leo katimiza miaka kumi. Huyu mtoto alizaliwa njiti. Kadogo, ungeweza kukaficha kwenye kofia. Majirani zetu pale Bagamoyo (ya Tukuyu, siyo ile ya pwani, sisi bahari tunaiona kwenye kalenda) walikuja kumtazama kama watu wanaokuja kuaga. Mimi nilikuwa binti mdogo. Kazi yangu ilikuwa kuweka kidole chini ya pua yake nisikie kama anapumua. Kwa hiyo miaka kumi siyo mchezo. Nikasema mwaka huu hatukati keki sebuleni. Tunateremka Kyela, tunapanda meli hadi Matema, keki tunakatia katikati ya ziwa kama matajiri!

Tukaenda wanne: mimi, dada, Lusajo na Bibi. Keki tuliiweka ndani ya hotipoti kubwa ya Bibi, ile ya maua anayoitoa akija mchungaji tu. (Nilibembeleza wiki nzima.) Lusajo kavaa suti. Suti yake ya kwanza, na tai juu. Njia nzima alikaa kwenye ncha ya kiti, isije ikajikunja.

Sasa mnajua, bethdei bila kumwagiwa maji siyo bethdei. Na Lusajo naye anajua. Tulipopanda tu akanivuta.

"Mama mdogo, maji hapana. Suti hii."

"Maji gani tena?"

"Apa."

Nikakohoa. (Kukohoa siyo kuapa.)

Meli ilipoliacha gati mbali, nikamsimamisha ukingoni. "Shikilia hotipoti hapo juu ya ukingo, tazama milima yetu kule. Usigeuke, nakuja kukupiga picha." Nikashuka jikoni. Mpishi wa meli aliposikia ni bethdei akanijazia ndoo mwenyewe, anacheka. Nikarudi nanyata, nimebakiza kona moja.

Chubwi!

Nikachungulia. Pale ukingoni hapakuwa na mtu.

Nikatazama chini. Maji meusi, mapovu, basi.

"Mtoto! Mtoto kaanguka!"

Baba mmoja aliyekuwa amekalia magunia yake ya viazi akaruka. "Umemwona?"

"Nimemwona!" (Sikumwona. Mdomo ulisema wenyewe.)

Honi ikalia. Injini ikanyamaza. Meli yote ilikimbilia upande mmoja kutazama maji. Dada akaja akipasua watu. Hakulia. Alianza kuvua viatu. Kimoja. Cha pili. Dada yangu hajui kuogelea hata kidogo, sisi wa milimani maji tunayoyajua ni ya mvua. Nikamshika kanga.

"Tusekile, niachie."

"Dada, usiruke!"

"Niachie nimfuate mwanangu."

Alisema polepole, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Bibi alikuwa ameshapiga magoti, anamwita Mungu kwa Kinyakyusa, "Kyala, Kyala," bila kupumzika. Na mimi nalia, mkono mmoja kwenye kanga ya dada, mkono wa pili bado nimeng'ang'ania ndoo. Sijui kwa nini sikuiweka chini.

Baharia akapiga kelele, "Maboya! Leteni maboya!" Wenzake wawili wakakimbilia sanduku kubwa la maboya, wakainua mfuniko.

Ndani kulikuwa na suti.

Lusajo alikuwa amejibana katikati ya maboya, jasho linamtiririka, tai imenyooka. Akawatazama mabaharia. Akanitazama mimi. Akaitazama ndoo.

"Bado anayo," akawaambia. "Fungeni."

Meli nzima ilicheka hadi watu wakashikana. Dada hakucheka. Alikaa chini sakafuni, akamvutia Lusajo mapajani na suti yake, akaweka sikio kifuani pake. Akakaa hivyo hivyo.

Nahodha akashuka. "Nani aliyemwona mtoto akianguka?"

Vidole vyote vikaja kwangu. Hata baba wa viazi!

"Dada, ulimwona?" akaniuliza.

"Nilisikia. Shikamoo." (Shikamoo ilitokea wapi, sijui.)

"Marahaba. Sasa kilichoanguka ni nini?"

Hapo Bibi akanyanyuka, anajikung'uta magoti. Akatazama ukingo. Akatazama chini ya benchi. Mimi nikaanza kuelewa taratibu.

"Wewe Tusekile. Hotipoti yangu iko wapi?"

Lusajo akajibu kwa sauti ndogo, "Niligeuka nikaona ndoo inatokeza pale kwenye kona, Bibi. Nikakimbia. Mkono ukaigonga."

Keki, mishumaa, na hotipoti ya mchungaji. Vyote ziwani.

Mpishi akaleta andazi moja kubwa, akalichomeka njiti ya kiberiti juu, akaiwasha. Watu wasiotujua wakamwimbia Lusajo kwa nguvu hadi akasahau kuilinda suti. Akapuliza. Ndoo nilinyang'anywa na nahodha mwenyewe.

Sasa tuko Matema kwa ndugu zake Bibi, jua halijazama, na hadithi imeshasimuliwa mara tatu. Kila mara ile sauti yangu ya "Nimemwona!" inazidi kuwa nyembamba. Bibi hajanisemesha bado, ila kwenye chakula amenisogezea samaki mkubwa kuliko wote. Tafadhali, msinicheke. Na mkishindwa kujizuia, chekeni mkiwa mbali na Bibi.

Wenzangu wako nje. Lusajo amelala mapema, suti mwilini, amekataa kuivua. Nimeingia chumbani peke yangu, mikono mitupu, nikaweka kidole chini ya pua yake.