Chawa Mwenye Jina Langu

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua! Kabla ya Ijumaa nitakuwa na chawa mwenye jina langu. Daktari wetu wa ndege kasema kila kisiwa kina chawa wake, na anayegundua mpya humpa jina lake. Mababu wa ndege tunaowachunguza walirushwa kisiwani hapa na dhoruba, chawa wamejishikiza manyoyani. Hapakuwa na paka wala nyoka. Kuruka kukawa kazi bure, mabawa yakanywea. Chawa nao wakabadilika humohumo, kizazi kwa kizazi. Nilisahau kufunga mdomo. Miwani, mwenzangu wa kituoni, akaniambia nzi ataingia. Ndiye anayeniita chawa wa Daktari. Atakoma.

Jumanne, 4 Machi
Nimekagua ndege kumi na tisa. Chawa wote wana majina tayari! Lakini shangazi yangu, ng'ambo ya maji, anafuga kuku.

Jumatano, 5 Machi
Nimerudi na chawa wa kuku kwenye kiberiti. Nikamweka sahanini, nikadai nimemtoa kwa ndege mwenye pete nyekundu mguuni. Daktari akachungulia kwenye hadubini. Rangi ikamtoka. Akasema huyu ni wa kuku, na ndege wetu hawajawahi kukutana na maradhi ya kuku. Hawana kinga, wataisha wote. Pete Nyekundu atafutwe! Kituo kizima vichakani. Nami pia, tena kwa bidii.

Alhamisi, 6 Machi
Ndege sitini wamekaguliwa. Daktari hajala tangu jana. Alasiri nikaketi jiweni. Pete Nyekundu akaja mwenyewe, kwa miguu, akapanda kiatu changu, akanitazama. Hajui kuogopa. Nani angemfundisha? Nikaenda kukiri. Daktari akauliza tu, "Kiberiti kiko wapi?" Akakichoma moto. Mwezi mzima nisiguse ndege.

Ijumaa, 7 Machi
Katika msako ule Miwani kapata chawa mpya! Wa kweli! Ataitwa kwa jina lake. Nimemtazama: kucha kama ndoano, mwili unang'aa kama asali, mdogo kuliko punje ya mchanga. Hana kwao kwingine duniani. Ndege akitoweka, naye basi. Machozi yakanilenga. Nikampongeza Miwani kwa moyo mweupe kabisa.

Lakini chawa ana tumbo. Na tumboni hakukosi kijidudu kidogo zaidi.

Huyo ni wangu! Wembe ninao. Miwani kaenda kuoga.