Vitufe Viwili vya Mzee Andongwisye

Ambilikile alikiona choo kile Kasumulu, kando ya barabara, kimeangushwa na lori lililotoka Malawi. Kilikuwa cheupe, cha kukaa, na juu ya tangi lake kulikuwa na vitufe viwili, kidogo na kikubwa. Ilikuwa enzi za ruksa, kila mtu mfanyabiashara, hata sisi tusio na cha kuuza. Kitufe cha pili ni cha nini, Ambilikile hakujua. Hilo halikumsumbua, maana hakuwahi kuuza kitu anachokijua. Akakibeba kichwani, na kila alipochoka alikitua akakikalia.

Njiani alishamfikiria mteja. Mzee Andongwisye, mnunuzi wa kakao, alikuwa na nyumba mpya Bondeni. Maji yake ya bomba yalikuwa na mita, na mzee aliichungulia kila asubuhi kama anapima homa. Kyela hapa mvua hutunyeshea mpaka viatu vinaota ukungu, lakini mzee alilala na mawazo ya maji. Kisha mwanawe akamwoa Kisa. Kwa mila zetu mkwe hakutani na baba mkwe wake hata njiani, sembuse kuchangia choo. Kwa hiyo Kisa alikuwa anaomba choo kwa jirani, na mji mzima ulikuwa unajua.

"Ugonile, baba," Ambilikile alisalimia. "Nimekuja kwa ajili ya dada yangu Kisa. Sisi ni ukoo mmoja." Hakuwahi kumwona. "Kuomba choo kwa jirani ni aibu yetu sote."

"Nikijenga cha pili mita itanimaliza!"

"Cha pili cha nini? Hiki ni kimoja, lakini ni viwili. Kitufe kikubwa cha baba mkwe, kidogo cha mkwe. Kila mtu na maji yake. Hamkutani hata humo ndani."

Majirani tuliojazana pale tuliitikia kwa vichwa, kwa busara. Hakuna aliyewahi kukalia choo cha namna hiyo, ila maoni tulikuwa nayo.

"Unataka nini?"

"Baiskeli yako tu, baba."

Aliitaka kweli. Shingo yake ilikuwa imechoka kubeba bidhaa za Kasumulu, na mtu mwenye baiskeli mjini aliitwa tajiri. Alikifunga choo mwenyewe, kikaflashi. Mzee akashukuru, "Ndaga fijo," akamkabidhi baiskeli.

Alikuwa anaisukuma kupita dirisha la jikoni aliposikia sauti ya mwanamke.

"Kaka wa ukoo!"

Alikuwa Kisa, amejibanza nyuma ya pazia kwa sababu baba mkwe wake alikuwa uani.

"Nimefanya usafi hotelini Mbeya," alisema. "Kitufe kidogo ni cha haja ndogo, kikubwa cha haja kubwa. Vinaokoa maji, basi."

"Kinaokoa maji kweli?"

"Kweli kabisa. Ungemwambia mzee hivyo tu, angekupa baiskeli na chai juu."

Hilo lilimuuma Ambilikile. Alikuwa na ukweli mzuri mkononi, akahangaika kutunga uongo.

"Huwezi kumwambia kuwa nimemdanganya," alijitetea. "Huruhusiwi kuongea na baba mkwe wako."

"Mimi siongei naye. Anayeongea naye ni mama mkwe, na yuko hapa anachambua mchele."

Nyuma ya pazia mtu alikohoa.

"Unataka nini, dada?"

"Tangu niolewe kaka yangu hajanitunza hata zawadi moja. Tena Jumamosi utanichimbia choo changu, kule nyuma kwenye migomba."

Mara mama mkwe akatoka na vigelegele: kaka wa Kisa amemtunza dada yake baiskeli! Tulishangilia. Mzee alishangilia kutuzidi, maana choo kilibaki na baiskeli imerudi nyumbani. Ambilikile naye alipiga makofi. Angefanyaje?

Jumamosi alichimba. Mama mkwe alimfundisha mzee vitufe, na mita ikatulia.

Siku moja Ambilikile alikuwa anatoka Kasumulu, gunia kichwani, akasikia kengele ya baiskeli nyuma yake. Alijua ni nani kabla ya kugeuka. Akaingia majanini, akainama na kujifunika uso, kama wakwe zetu wanavyompisha baba mkwe.

"Ugonile, kaka!" Kisa alisema, akapita.